Redio ya Babu na Sabufa ya Mjukuu: Kipi Kinachodumu?

Wazee wetu wana kauli ambayo vijana wameisikia mara nyingi hata wameizoea: vyombo vya zamani ndivyo vilikuwa vyombo. Huonyeshwa redio ya mbao iliyokaa juu ya kabati, iliyonunuliwa kabla ya Uhuru au miaka michache baadaye, kisha hunyooshewa kidole sabufa iliyonyamaza pembeni mwa televisheni kabla haijatimiza hata mwaka mmoja. Vijana nao hujibu kwamba redio ya babu haijawashwa tangu wao wazaliwe, na kitu kisichotumika hakichakai. Mabishano huishia kwenye kicheko, chai ikanywewa, na jambo likaachwa lilivyo.

Sisi tunaona si jambo la kuachwa. Chombo cha sauti ni mali ya nyumba. Kwacho familia husikiliza taarifa ya habari, kisomo cha Qur'ani baada ya alfajiri na mawaidha ya Ramadhani. Sisi tunaoandika kumbukumbu za kamati ya msikiti hapa Sengerema huulizwa na waumini, kwa kuwa tu vipaza sauti vya msikiti viko mikononi mwetu: tununue kipi? Hiki kitengenezwe au kitupwe? Na ile redio ya marehemu baba, iuzwe? Nyuma ya kila swali pana fedha iliyotoka kwenye pamba, kwenye samaki au kwenye mshahara mdogo. Ni haki muulizaji apate jibu lenye sababu.

Tofauti ya vyombo hivi

Kazi ya chombo cha sauti ni moja: kupokea umeme dhaifu unaotoka kwenye antena, kanda au simu, na kuukuza hadi uwe na nguvu ya kuisukuma spika. Kinachotofautisha redio ya babu na sabufa ya mjukuu ni kile kinachoifanya kazi hiyo ya kukuza.

Katika redio ya babu kazi hiyo hufanywa na valvu. Hii ni chupa ndogo ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani yake mna uzi unaowaka kama wa taa, nao hukipasha moto kipande cha chuma mpaka kikatoa chembe za umeme. Chembe hizo huruka kwenda kwenye bamba lililo mkabala, na katikati pana wavu mwembamba unaozipunguza au kuziachia, mfano wa koki katika bomba la maji. Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza valvu ya kwanza mwaka 1904, na Mmarekani Lee de Forest akaongeza ule wavu mwaka 1906. Ili chembe ziruke, valvu huhitaji umeme mkubwa. Katika redio ya mezani hufika volti 200 hadi 300.

Katika sabufa, kazi ile ile hufanywa na transista, kipande kidogo cha madini kisicho na uzi wa kuwaka wala chupa ya kuvunjika. Ilivumbuliwa Desemba 1947 katika maabara za Bell nchini Marekani na John Bardeen na Walter Brattain, katika kundi lililoongozwa na William Shockley, na wote watatu wakapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1956. Transista hutosheka na volti chache tu, haisubiri kupata moto, na leo mamia au maelfu yake hufungwa pamoja ndani ya kidude kimoja ambacho mafundi hukiita aisii.

Namna vilivyotufikia

Redio ziliposambaa katika nchi zetu, zilikuwa za valvu. Mwaka 1949, Northern Rhodesia, ambayo leo ni Zambia, ilianza kuuziwa redio ya bei nafuu iliyokusudiwa mwananchi wa kawaida. Ilikuwa na umbo la sufuria, imepakwa rangi ya buluu, na hata jina lake la Kiingereza lilitokana na sufuria hiyo. Bei yake ilikuwa pauni tano, na betri yake ya pekee, iliyodumu kwa saa zipatazo 300, iliuzwa zaidi ya pauni moja. Mwaka 1951 Sauti ya Dar es Salaam ikaanza kurusha matangazo, na Sauti ya Unguja ikaanza mwaka huo huo. Aliyetaka kuzisikia katika mji usio na umeme alikuwa hana budi kulisha redio yake betri nzito za bei kubwa.

Transista ilipofika, ilishinda kwanza kwa sababu ya betri. Redio ya transista ilitumia betri zile zile za tochi zilizouzwa katika kila duka la kijijini. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda Dar es Salaam, na redio za National zikaingia mpaka makambi ya wavuvi na mashamba ya pamba. Redio ikatoka sebuleni ikafuata watu shambani. Katika ukweli huo pana jibu la kwanza: chombo kilichoshinda ni kile ambacho familia ya kawaida iliweza kukilisha.

Kila kimoja hufa kwa namna yake

Valvu huzeeka hata ikitunzwa. Kila saa inayowaka, kile kipande cha chuma hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kutoa chembe. Valvu za kusukuma spika kwa kawaida hukadiriwa kudumu saa elfu chache. Tuchukue saa 5,000 kwa mfano. Nyumba inayosikiliza saa 4 kila siku hutumia saa 1,460 kwa mwaka. Valvu hiyo basi itachoka baada ya miaka mitatu na miezi kadhaa. Redio ya babu iliyofanya kazi miaka ishirini haikufanya hivyo kwa valvu zake za kwanza. Zilichomolewa zikawekwa nyingine, na kwa kuwa kazi hiyo ilikuwa nyepesi, haikuhesabiwa kuwa ni ubovu. Tena redio zilizokufa zilikwisha kutupwa zamani. Iliyobaki juu ya kabati ni ile iliyosalimika, nayo hutoa ushahidi kwa niaba ya wenzake wasioonekana.

Hata hivyo valvu ina adabu katika kufa kwake. Hutoa onyo. Sauti hupungua wiki baada ya wiki, hukwaruza, huchelewa kuja. Umeme ukiruka kidogo, valvu hustahimili pigo la muda mfupi. Ikishindwa, huchomolewa kwa mkono kama taa.

Transista ni kinyume chake. Isipoteswa, inaweza kufanya kazi miongo mingi bila kuchoka, kwani hakuna kinachoungua ndani yake. Lakini pigo la umeme la chini ya kufumba na kufumbua laweza kuiua papo hapo. Na transista ya mwisho ikifa vibaya, huachia umeme usiokatika uende moja kwa moja kwenye spika, na koili ya spika nayo ikaungua. Ndiyo maana mwenye sabufa husema: jana ililia vizuri, leo imekufa.

Je, aina ndiyo inayoamua? Tuangalie mifano miwili mikubwa. Kompyuta ya ENIAC ya Marekani, iliyozinduliwa mwaka 1946, ilikuwa na valvu zipatazo 18,000; hata ilipokwisha kurekebishwa, valvu moja iliungua takriban kila siku mbili, na nyingi ziliungua mtambo ulipowashwa au kuzimwa, kwa sababu ya kupata moto na kupoa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1956, kebo ya kwanza ya simu ya kuvuka bahari ya Atlantiki ilizamishwa ikiwa na valvu zaidi ya 300 katika vikuza sauti vyake vya kina kirefu, mahali ambapo hakuna fundi awezaye kufika. Kebo hiyo ilitumika hadi mwaka 1978, na valvu zile hazikuiangusha. Zilikuwa valvu kama nyingine, lakini zilitengenezwa kwa uangalifu, zikajaribiwa kwa muda mrefu, zikafanyishwa kazi chini ya uwezo wake, na hazikuzimwa na kuwashwa ovyo. Kudumu kulitokana na utengenezaji na matumizi.

Na transista nazo si ndugu wote. Za mwanzo zilitengenezwa kwa madini ya jermaniamu, yasiyopenda joto: kadiri zilivyopata moto ndivyo zilivyopitisha umeme zaidi na kupata moto zaidi, hadi zikajiua zenyewe. Za silikoni, zilizoanza kuuzwa mwaka 1954 na baadaye kuenea kila mahali, huvumilia joto kubwa zaidi.

Maadui walio ndani ya nyumba zetu

Tukirudi Sengerema, daftari letu la matengenezo ya vyombo vya msikiti linatufundisha jambo ambalo kila nyumba inaweza kulithibitisha: kinachokufa mara nyingi si kile kinachobishaniwa. Ni waya uliokatika ndani ya ngozi yake, plagi iliyolegea, swichi iliyoota kutu, fyuzi, na kapasita.

Kapasita hustahili maneno machache. Ni vikopo vidogo vilivyosimama kwenye bodi, vyenye majimaji ndani, navyo husawazisha umeme unaoingia. Majimaji hayo hukauka. Kanuni inayokubaliwa na wahandisi ni kwamba kila joto linapopanda nyuzi 10 za Selsiasi, umri wa kapasita hupungua karibu nusu. Kapasita zimo katika redio ya valvu na zimo katika sabufa. Zikivimba kichwani au kuvuja, chombo huanza kuvuma, au hukataa kuwaka kabisa. Vyombo vingi vinavyotangazwa kuwa vimekufa hasa vina kapasita zilizokauka, na bei ya kapasita ni ndogo sana ikilinganishwa na ya chombo.

Joto basi ndilo adui wa kwanza, na katika nyumba zetu humsaidia adui huyu kitambaa. Dada na mama zetu hufuma vitambaa vizuri vya kupambia, navyo hutandikwa juu ya redio, juu ya amplifaya, hata juu ya sabufa inayolia. Pambo hilo ni la heshima, lakini matundu yaliyo juu na nyuma ya chombo ndiyo pua zake. Kitambaa na kiwekwe chombo kikiwa kimezimwa na kupoa, kikiwashwa, kiondolewe. Wala kisisukumwe hadi ukutani; kiachwe nafasi ya kiganja nyuma yake.

Adui wa pili ni umeme wenyewe. Umeme wetu wa volti 230 hukatika, na mara nyingi kurudi kwake ndiko kunakoua. Umeme ukikatika, chomoa plagi. Ukirudi, subiri dakika chache ndipo uchomeke. Kifaa ambacho wengi hukiita friji gadi hufanya kazi hiyo ya kusubiri, na kipo pia cha televisheni na redio. Tena sisi ni watu wa kando ya ziwa. Bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi, na radi haizuiliwi na stabilaiza. Wingu likikusanyika, chomoa plagi na antena pia. Kwa radi ya kupiga moja kwa moja, valvu na transista ni sawa: vyote huungua.

Adui wa tatu ni wadudu na vumbi. Vijidudu vya ziwani hufuata taa usiku na kufia ndani ya matundu. Sisimizi na mende hupenda uvuguvugu wa transfoma. Mizoga, vumbi na unyevu vikichanganyika, hutengeneza njia ya umeme pasipotakiwa. Nyumba isikose kumpa fundi chombo akipulize vumbi angalau mara moja kwa mwaka. Na redio ya betri isiyotumika itolewe betri zake, kwani zikivuja hula vibati vya ndani.

Fundi na kipuri

Chombo kinachodumu ni kile kinachoweza kufunguliwa, kueleweka na kufungwa tena. Katika jambo hili redio ya babu ilikuwa na fadhila. Nyaya zake zilionekana kwa macho, na nyingine zilibandikwa ndani ya kasha mchoro wa valvu na mahali pake. Lakini leo fadhila hiyo imepungua thamani. Valvu bado hutengenezwa, hasa China, Urusi na Slovakia, kwa ajili ya wapenzi wa muziki wanaoupenda ulaini wa sauti yake na wenye uwezo wa kuilipia. Katika maduka ya Mwanza usitarajie kuipata kama unavyoipata transista.

Sabufa nayo ina dhambi yake. Baadhi hutengenezwa kana kwamba hazikukusudiwa kufunguliwa: aisii imefutwa namba, bodi nyembamba, bamba la kupozea dogo kama sarafu. Hapo fundi hodari hufungwa mikono. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, nasi tunayaona hayo katika maduka ya vyombo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, kuvuka kwenda kutafuta kipuri Mwanza hakumtegemei tena mtu kungoja kivuko, lakini daraja halileti kipuri ambacho mtengenezaji hakukusudia kiwepo.

Tahadhari ya zebaki nyekundu

Hatuwezi kufunga mada bila kugusa ulaghai unaozizunguka redio za zamani. Huvumishwa kwamba ndani yake mna zebaki nyekundu ya thamani ya mamilioni. Uvumi huu si wa kwetu peke yetu. Mwaka 2009 nchini Saudi Arabia watu waliamini kwamba imo ndani ya cherehani za Singer, na cherehani kuukuu zikapandishwa bei ajabu. Hakuna kitu hicho. Lile doa linalong'aa kama fedha ndani ya kioo cha valvu ni bariamu, iliyopakwa ili inase hewa iliyobaki. Likigeuka jeupe kama maziwa, ujue hewa imeingia na valvu imekufa. Faida yake ni hiyo tu. Yeyote anayekuomba fedha ya kupimia redio, au ya kumwita mnunuzi kutoka ng'ambo, anakutafuta wewe, haitafuti redio.

Ushauri wetu kwa familia

Kwa nyumba inayotafuta chombo cha kutumia kila siku, transista ndiyo jibu. Hutumia umeme kidogo, haina kinachoungua, na hukubali betri au sola. Kwa ndugu zetu wa visiwa vya Kome na Maisome wanaotumia sola ya volti 12, redio ya valvu ya mezani haifai kabisa, kwa kuwa mahitaji yake ya umeme ni makubwa.

Lakini transista gani? Usinunue kwa maandishi ya kwenye sanduku. Herufi PMPO zikifuatiwa na maelfu ya wati hazina kipimo kinachokubaliwa popote. Geuza chombo, soma kibati cha nyuma. Kikisema kinatumia wati 60, hakiwezi kutoa wati 1,000 za kuendelea, kwani kitu hakitoi zaidi ya kinachopokea. Kinyanyue: transfoma nzuri na bamba la kupozea vina uzito. Omba kiwashwe dukani kwa robo saa, kisha ukiguse. Mwulize fundi wa mtaa wako, kabla ya kununua na si baada yake, kama vipuri vyake vinapatikana. Na ukikipata, usikizungushe sauti hadi mwisho, maana sauti inayokwaruza ni chombo kinacholalamika.

Kwa mwenye redio ya valvu, tunamsihi asiichomeke kwenye umeme kwa kujaribu tu baada ya kukaa miaka. Kapasita zilizolala huweza kupasuka na kuteketeza transfoma, ambayo ndiyo kipuri kigumu kuliko vyote kupatikana. Fundi anayejua huzibadilisha kwanza, kisha huiwasha kupitia taa ya uzi iliyofungwa kwenye njia ya umeme ili kuzuia umeme kuingia kwa kishindo. Watoto wasiruhusiwe kufungua mgongo wake. Umeme wa volti mia kadhaa huweza kubaki ndani ya kapasita hata baada ya plagi kuchomolewa, na baadhi ya redio hizo zina bati la ndani lililounganishwa moja kwa moja na umeme wa nyumba. Mtu anaweza kufa kwa kuigusa.

Na ikiwa ni mali ya urithi, warithi wakubaliane kwanza. Anayetaka kuuza na aiuze kwa thamani yake ya kweli, akimweleza mnunuzi kasoro zake. Anayetaka kuihifadhi na aihifadhi, ifutwe vumbi, ikae mahali pakavu, iwe kumbukumbu ya sebule ambamo watu wa mtaa mzima walikusanyika kusikiliza.

Basi, wazee wana haki wanaposema vyombo vyao viliheshimiwa: vilifunikwa vikiwa vimepoa, vilizimwa kwa wakati, vilipelekwa kwa fundi mapema. Vijana nao wana haki wanaposema chombo chao ni bora kwa asili yake. Mwenye akili na achukue chombo cha kijana akakitunze kwa desturi ya mzee, na fedha yake, inshaallah, haitapotea bure.